Kabla hujaachia dripu kwa mgonjwa mahututi

Chupa ya seline (maji ya chumvi ya dripu) ya nusu lita ikitundikwa kwa mtoto wa kilo 15 na kufuli la mpira likaachwa wazi, mtoto huyo atakuwa amepokea mililita 33 kwa kila kilo ya uzito wake kabla muuguzi hajamaliza kuzungukia vitanda vingine. Kwa miaka mingi hiyo ilihesabiwa kuwa huduma nzuri: mtoto ana shoku, damu haifiki viungoni, basi jaza mishipa upesi. Tangu 2011 tunajua kwamba kwa watoto wetu wenye homa kali, ujazaji huo unaongeza vifo. Tunajua kwa sababu ulipimwa, na ulipimwa hapa hapa kwetu.

Jaribio lenyewe linaitwa FEAST. Liliongozwa na Kathryn Maitland kutoka Kilifi, na lilifanyika katika hospitali sita: Kilifi nchini Kenya, Muheza nchini Tanzania, na Mulago, Mbale, Soroti na Lacor nchini Uganda. Watoto 3,141 wa umri wa siku 60 hadi miaka 12 waligawanywa kwa bahati nasibu. Wote walikuwa na homa, tena na fahamu zilizopungua au kupumua kwa shida, pamoja na angalau dalili moja ya damu kutofika vizuri mwilini. Kundi moja lilipata bolasi, yaani maji mengi ya mshipani kwa mkupuo, ya seline, la pili bolasi ya albumini (protini ya damu), na la tatu halikupata bolasi yoyote. Mengine yote yalikuwa sawa: antibiotiki, dawa ya malaria, damu kwa aliyeihitaji, glukosi, na dripu ya kawaida ya taratibu. Ndani ya saa 48 walifariki asilimia 10.5 na 10.6 katika makundi mawili ya bolasi, na asilimia 7.3 kwa wasiopewa. Kwa hesabu ya wodini, kila watoto 30 waliopewa bolasi, mmoja zaidi alikufa. Januari 2011 kamati ya usalama ilishauri usajili wa watoto usimamishwe.

Kuna takwimu moja ya FEAST ambayo tungependa kila anayefanya zamu ya usiku aijue. Baada ya saa moja, dalili za shoku zilikuwa zimeondoka kwa asilimia 43 ya watoto waliopata bolasi, na asilimia 32 tu ya wasiopata. Yaani ukisimama kando ya kitanda saa moja baada ya kuachia dripu, macho yako yanakuambia umefanya vyema: mikono imepata joto, mapigo yamejaa. Vifo vilikuja baadaye, vingi ndani ya saa 24 za kwanza, pengine zamu imeshabadilika. Ndiyo maana uzoefu peke yake haukutosha kulitambua jambo hili, hata kwa madaktari makini walioishi wodini.

Wengi walidhani watoto hao walikufa kwa mapafu kujaa maji. Uchambuzi wa vifo uliotolewa 2013 ulionyesha vingine: waliozidi katika makundi ya bolasi walikufa hasa kwa mzunguko wa damu kuporomoka. Ukimwaga seline nyingi kwa haraka unaizimua damu ambayo tayari ni nyepesi, na takriban theluthi moja ya watoto wale walikuwa na hemoglobini (kipimo cha wingi wa damu) chini ya gramu 5 kwa desilita. Unaongeza pia kloridi, na damu inazidi kuwa na asidi. Tena mwili uliokuwa umeibana mishipa ya mikono na miguu ili kuulinda moyo na ubongo unalegezwa ghafla. Miguu ya baridi ya mtoto yule, kwa sehemu, ni ulinzi.

Sasa mtoto yuko mbele yako. Anza na oksijeni, kisha pima sukari kabla ya kufikiria maji. Ikiwa chini ya 2.5 mmol/L, mpe glukosi ya asilimia 10, mililita 5 kwa kilo. Ikiwa unayo ya asilimia 50 tu, changanya sehemu moja na nne za maji ya sindano: kwa mtoto wa kilo 15 ni mililita 15 za glukosi na 60 za maji. Toa damu ya kupima hemoglobini, malaria na kundi la damu kwa tundu hilo hilo la kanula (kijibomba cha mshipani). Antibiotiki iingie ndani ya saa ya kwanza, na artesunate, dawa ya malaria kali, ikiwa malaria imeonekana.

Halafu tafuta dalili tatu, na uzitafute zote: mikono na miguu ya baridi, mapigo dhaifu yanayokwenda mbio, na ukucha unaochukua zaidi ya sekunde 3 kurudisha rangi baada ya kubonyezwa. Kipimo cha ukucha huharibika kwa sababu ndogo sana. Mtoto ametoka kubebwa kwenye baridi, au mpimaji amebonyeza kwa nusu sekunde, au mkono uko chini ya kiwango cha moyo. Inua mkono kidogo, bonyeza sekunde 5 kamili, achia, hesabu kwa saa yenye mshale wa sekunde. Usihesabu kwa kichwa.

Akiwa na dalili moja au mbili tu, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2016 unasema usimpe bolasi; mpe dripu ya taratibu na umwangalie. Akiwa na zote tatu, mwongozo unaruhusu mililita 10 hadi 20 kwa kilo ndani ya dakika 30 hadi 60. Sisi tunashikilia upande wa chini: 10 kwa kilo, dakika 60, kisha kupima upya. Katika FEAST walikuwamo watoto 65 wenye dalili zote tatu. Kati ya 50 waliopata bolasi walikufa 24, na kati ya 15 wasiopata walikufa 3. Idadi ni ndogo mno kukata shauri, lakini haimpi mtu yeyote ujasiri wa kumwaga 40 kwa kilo.

Dripu ya taratibu nayo ina hesabu. Mililita 4 kwa saa kwa kila kilo katika kilo 10 za kwanza, na 2 kwa kila kilo inayozidi hadi 20. Kilo 15 ni 40 na 10, jumla mililita 50 kwa saa. Mpira wa kawaida wa matone 20 kwa mililita unakupa matone 17 kwa dakika; mpira mdogo wa matone 60 unakupa matone 50. Kosa tunalolikuta mara kwa mara ni mtu kuhesabu kwa mpira mmoja na kufunga mwingine, na mtoto akapata maji mara tatu ya yaliyokusudiwa. Idadi ya matone kwa mililita imeandikwa kwenye pakiti. Isome kabla hujaitupa. Usitumie glukosi ya asilimia 5 tupu, kwa sababu sodiamu itashuka na ubongo utavimba. Toa mililita 50 kwenye chupa ya Ringer (maji ya dripu yenye chumvi za aina kadhaa) ya mililita 500, ingiza mililita 50 za glukosi ya asilimia 50, na utakuwa na Ringer yenye glukosi asilimia 5.

Bandika plasta wima kwenye chupa na uandike saa pale maji yanapotakiwa kuwa yamefika: saa 2, saa 3, saa 4. Atakayepita, hata kama si mgonjwa wake, ataona kama dripu imekimbia au imekwama. Kama huna bureti (kichupa cha kupimia maji ya dripu) na mtoto anatakiwa kupata mililita 150 tu, mwaga zinazozidi kabla ya kutundika. Chupa isiyo na ziada haiwezi kumzamisha mtoto. Mtoto akikunja kiwiko dripu inasimama, mama anamnyoosha mkono, mtu anafungua kufuli zaidi ili kufidia, na hapo ndipo chupa nzima inapoingia kwa dakika 20. Funga kibao cha kunyoosha mkono.

Wakati maji yanaingia, mpime kila dakika 15. Pumzi zikiongezeka kwa 5 kwa dakika na mapigo kwa 15, au ini likishuka chini ya mbavu kuliko lilivyokuwa, au oksijeni ikianza kuteremka, funga. Weka alama ya kalamu tumboni pale ukingo wa ini ulipo kabla ya kuanza, la sivyo hutajua kama limeshuka.

Tafadhali usiyahamishe haya kwa kila mtoto. FEAST haikuwachukua watoto wa kuhara na kutapika, wa utapiamlo mkali, wala wa kuungua. Mtoto aliyekauka kwa kuhara amepoteza maji na anayahitaji upesi: mililita 100 kwa kilo za Ringer. Aliye chini ya mwaka mmoja anapata 30 kwa saa ya kwanza na 70 kwa saa 5 zinazofuata. Mkubwa kuliko hapo, 30 kwa nusu saa na 70 kwa saa mbili na nusu. Mtu akisema “siku hizi watoto hawapewi maji” hajaisoma FEAST, na atamwua mtoto wa kipindupindu. Mwenye utapiamlo mkali ana mwongozo wake peke yake.

Na watu wazima? Mwaka 2001 jaribio la Detroit, Marekani, lenye wagonjwa 263, lilieneza duniani wazo la kuwajaza maji mapema wagonjwa wa sepsisi (maambukizi makali yanayodhuru viungo vya mwili) wakifuatiliwa kwa mashine. Kisha Lusaka, katika Hospitali ya Chuo Kikuu, wagonjwa 212 wenye sepsisi na presha iliyoshuka waligawanywa, nusu wafuate utaratibu wa maji mengi na dopamini (dawa ya kupandisha presha), nusu huduma ya kawaida. Wengi wao walikuwa na VVU. Katika saa 6 za kwanza kundi la utaratibu lilipata wastani wa lita 3.5, lingine lita 2. Waliofia hospitalini ni asilimia 48.1 dhidi ya 33.0. Matokeo yalichapishwa 2017. Tofauti na Detroit, mgonjwa akizidiwa na maji Lusaka hakuna mashine ya kupumulia ya kumsubiri kila anayeihitaji, na hilo pekee linabadilisha maana ya dozi ile ile.

Kwa mtu mzima tunashauri mililita 500 kwa dakika 30, kisha swali: presha imepanda? mkojo umefika nusu mililita kwa kilo kwa saa? pumzi zimebaki pale pale? Kama hakuna kilichobadilika, chupa ya pili haina sababu mpya ya kufanya kazi. Lenga wastani wa presha wa 65. Unaupata kwa kuzidisha ya chini mara mbili, kuongeza ya juu, na kugawa kwa tatu: 90 juu ya 50 ni 63. Ikigoma, anza noradrenalini, dawa ya kubana mishipa na kupandisha presha, mapema, hata kwa kanula nzuri ya kwenye kiwiko wakati mshipa mkubwa unatafutwa. Miligramu 4 ndani ya mililita 250 za glukosi ya asilimia 5 ni mikrogramu 16 kwa kila mililita. Mgonjwa wa kilo 60 anaanza na takriban mililita 11 kwa saa. Tumia pampu. Kagua ngozi ya pale kanula ilipo kila saa, na ikipauka au kuuma, hamisha mara moja, kwani dawa ikivuja inaua nyama. Usipime presha kwa mkono huo huo.

Mtoto mwenye shoku na hemoglobini chini ya 4 anahitaji damu, wala seline haitakuwa mbadala wakati damu inatafutwa. Jaribio la TRACT la Uganda na Malawi, lililochapishwa 2019, lililinganisha damu nzima mililita 20 na 30 kwa kilo. Kwa jumla hakukuwa na tofauti, ila waliokuwa na homa walifanya vizuri zaidi kwa 20, na wasio na homa kwa 30. Kwa hiyo pima joto kabla ya kuandika kiasi cha damu.

Mengi ya haya hayatafanyika ICU, chumba cha wagonjwa mahututi. Utafiti uliochapishwa 2025, uliohusisha hospitali 180 katika nchi 22 za Afrika, ulikuta mgonjwa mmoja kati ya wanane waliolazwa ni mahututi, na zaidi ya theluthi mbili yao walikuwa kwenye wodi za kawaida. Hapo ndugu wanasimama karibu, na kwao kutundikiwa dripu ndiyo alama ya kuhudumiwa. Mtoto asiye na chupa inayokimbia ataonekana ametelekezwa, na msukumo huo umewafanya watoa huduma wengi wafungue kufuli. Zungumza nao kabla hawajauliza: “Mama, mwanao tunampa maji kidogo kidogo kwa makusudi, kwa sababu yakiingia kwa kasi yanamwumiza moyo. Dawa ameshapata. Nitarudi kumpima kila robo saa.” Kisha urudi kweli.

Kwenye makabidhiano ya zamu, taja kwa mdomo mililita zilizoingia tangu alipofika na kwa kilo ngapi, pamoja na alizopata kituo cha afya alikotoka. Bolasi ya kituo cha kwanza ndiyo inayosahaulika zaidi, na mtoto anaanza kuhesabiwa upya kama vile hajapewa kitu.