Barua kwa Mwanangu: Paka Aliyelala Macho Wazi

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeisoma mara mbili, kwanza kama mama, kisha kama daktari wa mifugo. Unasema juzi ulipompeleka paka wako kufungwa kizazi, mlango wa chumba cha upasuaji uliachwa wazi kidogo ukamwona amelazwa chali, tumbo limefunuliwa, na macho yake yamekodoka kama anakutazama wewe. Usiku hukulala. Unaniuliza kama alikuwa anajua anachofanyiwa, na kama hiyo ketamini aliyochomwa, dawa ya nusukaputi uliyosoma kwamba imeua seli za ubongo wa panya wa maabara, imemdhuru.

Hakuwa anakutazama, mwanangu. Paka aliyepewa ketamini hafumbi macho. Mboni zinapanuka, misuli inakakamaa badala ya kulegea, anapumua mwenyewe, na pengine ulimi unaramba hewa. Dawa nyingi za nusukaputi zinaufifisha ubongo mzima, kama mtu anayeteremsha utambi wa taa. Ketamini inafanya kazi kwa njia nyingine. Mwanga unaingia machoni na sauti inaingia masikioni, ila habari hizo haziungani zikawa kitu ambacho paka anakitambua.

Ili uelewe sababu, lazima nikueleze glutamati. Ndiyo kemikali ambayo seli za ubongo huitumia kuliko zote kuamshana, kwa paka, kwa panya, na kwetu pia. Seli moja huimwaga kwenye upenyo mwembamba ulio kati yake na jirani, na jirani huipokea kwa vipokezi vyake. Vipokezi hivyo ni vya aina kadhaa. Kile cha AMPA hufunguka mara moja, hupitisha ujumbe, basi. Cha NMDA ndicho ninachokipenda tangu chuoni, maana hata glutamati ikifika, tundu lake bado limezibwa na chembe ya magnesi, kama gunzi kwenye mdomo wa kibuyu. Gunzi hilo linatoka tu kama seli yenyewe imekwisha kusisimka. Yaani mambo mawili lazima yagongane kwa wakati mmoja: jirani apige hodi, na mwenye nyumba awe ameamka. Hapo kalsiamu inaingia, na kalsiamu hiyo ndiyo inayoanzisha kazi ya kuimarisha njia kati ya seli hizo mbili.

Ketamini hungoja tundu lifunguke, ikaingia na kukaa humo humo ndani.

Calvin Stevens aliitengeneza Marekani mwaka 1962, ikitafutwa dawa nyepesi kuliko fensiklidini, dawa ya nusukaputi iliyoitangulia, ambayo iliwatuliza nyani vizuri lakini ikawaacha wagonjwa wakizinduka wamechanganyikiwa vibaya. Madaktari wakaitumia miaka mingi bila kujua inashika wapi. Jibu lilipatikana mwaka 1983 kwa David Lodge na wenzake katika chuo cha udaktari wa mifugo cha London, kwenye neva za uti wa mgongo wa paka na panya. Nakuambia hili kwa fahari. Ni watu wa kazi yangu.

Kuhusu maumivu, vipokezi hivyo hivyo katika uti wa mgongo ndivyo vinavyoyakuza maumivu yanayojirudia, kila mkato uonekane mkali kuliko uliotangulia. Ketamini inazuia kukua huko. Lakini maumivu ya ndani ya tumbo inayapunguza kidogo tu, ndiyo maana mpasuaji makini haitumii peke yake. Huongeza dawa ya maumivu na ya kulegeza misuli. Waulize walichanganya na nini. Ni haki yako, na daktari mzuri hachukii kuulizwa.

Sasa kumbukumbu. Mwaka 1986 Richard Morris na wenzake waliwaogelesha panya katika bwawa la duara lenye maji yaliyotiwa weupe, na chini kidogo ya uso wa maji kumefichwa jukwaa dogo la kusimamia. Panya wa kawaida, baada ya kulipata mara kadhaa, huliendea moja kwa moja. Waliotiwa AP5, dawa inayoziba NMDA, ndani ya ubongo waliogelea vizuri, lakini siku baada ya siku walitafuta huku na huku kama waliotupwa mle kwa mara ya kwanza. Somo la kutofautisha vitu kwa kuviona, hata hivyo, walilimudu. Mwaka 1990 watafiti wengine waliitia dawa hiyo kwenye amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika na hofu. Panya aliyepewa kabla ya kufundishwa kuogopa hakujifunza. Aliyepewa baada ya kujifunza aliogopa kama kawaida. Ukilitazama hilo vizuri utaona dawa haikufuta kilichokwisha kuandikwa. Iliushika mkono unaoandika. Kwa hiyo sitarajii paka wako abebe picha ya ile meza.

Umeniuliza pia kwa nini alipozinduka aliyumbisha kichwa kushoto na kulia na kuruka kila mlango ulipogongwa. Hapa watu hushangaa, maana dawa inayozuia msisimko inawezaje kumchangamsha mnyama? Panya akipewa kidogo dawa inayoziba NMDA, hasa dizosilpini, ndugu ya ketamini iliyo kali zaidi, huzunguka zunguka, hupepesuka, huwakwepa wenzake. Maelezo yanayokubalika sana ni kwamba seli zinazowatuliza wengine ndizo zinazolegea kwanza, na mtulizaji akinyamaza, wengine hupiga kelele. Mwaka 1997 Bita Moghaddam na wenzake walipima ubongo wa mbele wa panya waliopewa ketamini kidogo, wakakuta glutamati imepanda.

Na ule uharibifu uliousoma ni wa kweli, sitakuficha. John Olney alionyesha mwaka 1989 kwamba dawa hizi zinazoziba NMDA zinasababisha viputo ndani ya seli za sehemu moja ya gamba la ubongo wa panya wakubwa. Kwa kipimo cha chini viputo viliondoka. Kwa kipimo kikubwa cha dizosilpini baadhi ya seli zilikufa. Miaka 2 baadaye kundi lake likaonyesha kwamba dawa za kutuliza kama diazepamu zinazuia madhara hayo. Kinachonitisha mimi ni utafiti wa mwaka 1999 kwa vitoto vya panya vya siku 7. NMDA ilipozibwa kwa saa kadhaa, seli nyingi zilijiua zenyewe, kwa sababu katika umri huo seli isiyoitwa na jirani hujiona haina kazi. Laiti ungeniambia ni kitoto cha siku chache, ningekupigia simu usiku ule ule. Paka mzima aliyechomwa mara moja, pamoja na dawa ya kutuliza, ni habari nyingine, na miaka yangu yote ya kazi sijamwona mmoja aliyerudi kwa mwenyewe amepoteza akili kwa ajili hiyo.

Ninachokumbuka ni jicho. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilimpasua paka wa kijivu, kila kitu kikaenda sawa, nikasahau kumpaka malhamu ya macho. Nusu saa kope zikiwa wazi chini ya taa ile. Kesho yake jicho la kulia lilikuwa limefumba na linatoka machozi, na nilipolifunua nikaona doa la ukungu katikati. Lilipona baada ya wiki 2 za dawa, lakini tangu siku hiyo malhamu ndiyo kitu cha kwanza ninachokishika baada ya sindano.

Basi leo jioni mkalishe karibu na dirisha umtazame. Akiwa anafumba jicho moja, au ukiona ukungu juu ya mboni, mrudishe kesho asubuhi, usingojee siku ya kutoa nyuzi. Na wakupimie figo zake, maana kwa paka ketamini hutoka kwa njia hiyo. Uniandikie walichokuambia.

Mama yako