Baka gumu ambalo si choa wala ukoma: jibu kwa mama wa Ahero

Dada yangu, umeuliza kama baka gumu linaloteremka pajani mwa binti yako wa miaka tisa ni choa kilichokaidi dawa, au ni ukoma kama jirani anavyodai, na kama litamwingia tumboni. Mimi ni mkazi wa Kisumu, na baka la namna hiyo liliniteremkia mguu wa kushoto nikiwa shule ya msingi, likapita juu ya goti. Daktari wa ngozi aliliita skleroderma ya ngozi, yaani ugonjwa wa ngozi kukakamaa, ile ya mstari, ambayo huwapata zaidi watoto.

Usiitegemee sana rangi. Picha nyingi huonyesha ukingo wa zambarau kuzunguka baka changa, lakini kwenye ngozi nyeusi kama yetu ukingo huo mara nyingi huwa wa kahawia iliyokoza au kijivu, na ni rahisi kuukosa. Vidole hueleza zaidi. Choa huwasha na huwa na magamba pembeni. Mbalanga hubadilisha rangi tu, ngozi ikabaki laini. Baka la ukoma kwa kawaida hupoteza hisia, ndiyo maana mhudumu hulipapasa kwa pamba mgonjwa akiwa amefumba macho. Langu liliisikia pamba vizuri, ila ukijaribu kulifinya halikunjiki, kwa jinsi lilivyowambwa kama ngozi ya ngoma. Halikuwa na unywele hata mmoja, na nilipotoka kukimbia uwanjani lilibaki kavu huku mguu wote ukitiririka jasho.

Sababu ya ukavu huo ilionekana maabara, katika kipande kidogo cha ngozi nilichokatwa baada ya kudungwa sindano ya ganzi. Mwanzoni chembe nyeupe za damu hujikusanya kuzunguka mishipa midogo ya damu, kisha seli zinazotengeneza kolajeni, protini inayoipa ngozi uimara, huzidisha kazi, na nyuzi zake hunenepa na kusongamana hadi kuyabana matezi ya jasho na kuvimaliza vinyweleo. Miaka ikipita ugumu hulegea, lakini ngozi hubaki nyembamba, yenye kibonde, nyeusi au nyeupe kuliko ya jirani yake, kwa kuwa mafuta yaliyo chini yake, na wakati mwingine hata msuli, huwa yamepungua. Rangi niliizoea upesi. Goti ndilo lililonitesa, kwa sababu lilikataa kunyooka sawasawa, na kuchuchumaa kukawa kazi.

Kwa hiyo jambo la kumwambia daktari kabla ya yote ni kama mstari umekaribia goti au nyonga. Ukikaribia kiungo, dawa ya kupaka peke yake haitoshi, kwani mtoto anayekua anaweza kubaki na mguu mwembamba au mfupi kuliko mwenzake. Mimi niliandikiwa methotreksati (dawa ya kutuliza kinga ya mwili), steroidi (dawa za kupunguza uvimbe) kwa miezi ya mwanzo, asidi ya foliki, mazoezi ya viungo, na vipimo vya damu vya mara kwa mara vya kuangalia ini na chembe za damu. Methotreksati humezwa mara moja kwa wiki. Duka moja la dawa liliniandikia kwenye pakiti "kila siku", na ni mama aliyeling'amua kosa hilo kabla sijameza.

Kuhusu tumbo, skleroderma ya mwili mzima ni ugonjwa mwingine: hukaza vidole, huvibadilisha rangi kwenye baridi, na inaweza kufika mapafuni na kwenye figo. Hii ya ngozi ni nadra mno kugeuka kuwa hiyo, hata kipimo cha kingamwili kikitoka chanya. Ikitokea usoni au kichwani, hapo macho yapimwe hata kama hayaumi. Haiambukizi, kwa hiyo binti aendelee kulala na ndugu zake, jirani aseme atakavyo.

Mnapongojea kliniki, chora ukingo wa baka kwa kalamu, weka rula kando yake, upige picha, na urudie kila mwezi mahali penye mwanga uleule. Ukingo ukiuvuka mstari wa kalamu, au goti likianza kukataa kunyooka, mpeleke bila kusubiri tarehe mliyopewa.