Mzee Mwenye Maradhi ya Kusahau Akitia Dole Gumba, Je, Mauzo Yanasihi?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Baba yetu ana miaka zaidi ya 80 na amepatwa na maradhi ya kusahau. Zipo siku huzungumza vizuri kabisa, na zipo siku hatutambui hata sisi wanawe. Kaka yetu mkubwa alimletea karatasi ya mauzo ya shamba, baba akatia dole gumba mbele ya mashahidi wawili. Mnunuzi ni kaka mwenyewe, na bei ni ndogo mno. Jioni ile nilipofika, baba alininyooshea kidole chenye wino akaniuliza, "Huu umetoka wapi?" Kaka anasema yeye ndiye msimamizi wa baba kwa kuwa ndiye mkubwa wetu. Je, mauzo hayo yanasihi, yaani yanakubalika kisharia?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakaatuh. Ndugu yangu, swali lako nimelisoma zaidi ya mara moja, na kile kidole chenye wino hakijanitoka akilini. Mwenyezi Mungu amhifadhi mzee wetu.

Kwanza tumtendee baba uadilifu. Uzee si kizuizi cha kuuza wala kununua. Ugonjwa wa mwili si kizuizi, na kutojua kusoma si kizuizi. Mtu mzima mwenye akili mali yake ni yake, na watoto hawana ruhusa ya kumzuia eti kwa sababu amezeeka. Nasema hivi kwa kuwa nyumba nyingi hukosea upande huu pia: mzee akisahau funguo mara mbili, basi hanyimwi fedha zake tu, hata rai yake haiulizwi tena.

Sharti la muuzaji katika fiqhi, yaani elimu ya sharia ya Kiislamu, ni awe amebaleghe, ana akili, ana rushdi, yaani anajua kuitunza mali, na awe ameridhia. Allah anasema katika Suratun-Nisaa, aya ya 29, kwamba tusiliane mali zetu kwa batili isipokuwa iwe ni biashara ya kuridhiana. Na mtu hawezi kuridhia jambo asilolielewa. Mtume (s.a.w.) amesema kalamu imeinuliwa, yaani hawaandikiwi wajibu, kwa watu watatu: aliyelala mpaka aamke, mtoto mpaka abaleghe, na mwendawazimu mpaka apate akili. Abu Daud ametaja riwaya iliyoongeza "al-kharif", mzee ambaye uzee umemharibia akili. Wanavyuoni wameitilia shaka sanadi, yaani safu ya wapokezi, ya nyongeza hiyo, lakini maana yake haina mgogoro: akili ikiondoka, kauli ya mwenyewe haifungi mkataba.

Sasa, baba yenu ana siku nzuri na siku mbaya. Hukumu ya mtu wa namna hii hufuata saa ile ile ya akidi, yaani ya kufunga mkataba. Akiuza akiwa amezindukana, anajua anauza nini, anamuuzia nani na kwa kiasi gani, mauzo yanasihi, hata kama kesho yake atasahau. Akiuza akiwa hajui, mauzo ni batili tangu mwanzo. Kwa hiyo swali lake la jioni ni dalili nzito, lakini peke yake halikati shauri, maana huenda asubuhi alielewa kisha akasahau. Waulizeni mashahidi: baba alisema nini kabla ya kutia dole? Alilitaja shamba? Aliitaja bei? Au mkono wake ulishikwa ukapelekwa kwenye wino? Shahidi aliyeona dole tu hakushuhudia ridhaa. Na ushahidi hauiponyi akidi iliyokosa akili, hata mashahidi wawe mia. Bei ndogo nayo, peke yake, haivunji mauzo ya mwenye akili timamu, ila hapa inazidisha shaka.

Ama dai la kaka, hapa ndipo wengi wanapopotea. Katika madhehebu ya Imam Shafi, mtu akipotewa na akili baada ya ukubwa, walii, yaani msimamizi, wa mali yake ni baba yake, kisha babu yake, kisha aliyeusiwa na mmoja wao, kisha kadhi. Mtoto hayumo katika safu hiyo, awe wa kwanza au wa mwisho. Wazee wake baba yenu bila shaka wametangulia mbele ya haki, basi kama hakuna waliyemuusia, jambo ni la kadhi. Hata kaka angeteuliwa na kadhi, asingeweza kujiuzia mwenyewe shamba hilo, wala kuliuza kwa mwingine ila kwa haja ya baba au faida iliyo wazi kwake. Aya ya 282 ya Suratul-Baqara inamtaka walii wa asiyeweza kuandikisha mwenyewe aandikishe kwa uadilifu. Uadilifu gani uko pale ambapo mtu mmoja ni msimamizi, ni mnunuzi, na ndiye aliyepanga bei?

Nendeni kwa kaka kwa upole, kwani huenda hakuijua hukumu. Ikithibiti kwamba baba hakuelewa, shamba lirudi kwa baba pamoja na mazao yaliyochumwa, na kaka arudishiwe fedha zake. Lirudi kwa baba, si kwenu: yeye yu hai, na hakuna mirathi ya aliye hai. Kaka akikataa, fikisheni shauri kwa kadhi pamoja na maelezo ya daktari anayemtibu, na mpaka hapo shamba lisiuzwe wala kugawiwa mtu.

Wallahu aalam.