Kabla hujauza gundi ya nyuki, jifunze kuisafisha

Juzi dada mmoja aliniandikia ujumbe mrefu wa malalamiko. Alichemsha gundi ya nyuki kwenye sufuria ya maji akitaka kutengeneza dawa, akaambulia maji ya rangi ya chai hafifu, nta iliyoganda kuzunguka ukingo, na sufuria isiyosafishika. Akamalizia kwa kuniomba "fomula yenyewe", kwa ufupi, maana ana wateja wanaomsubiri.

Nilimjibu kwa ufupi kama alivyotaka. Ila ujumbe ule ulinifurahisha na kunikera kwa pamoja, kwa hiyo leo najibu kwa urefu.

Ulinifurahisha kwa sababu kuna wakati hakuna aliyetaka kusikia habari za gundi, au propolisi kama wengi wanavyoiita siku hizi. Katika kikundi chetu cha wafugaji nyuki kila mtu alikwangua fremu, yaani viunzi vya mbao vinavyobeba masega mzingani, kwa patasi na kutupa makombo kwenye majani. Mimi nilipita nyuma yao na mfuko. Walinicheka waziwazi, wakanipa jina la mwokota takataka, na mmoja wao, mtu mzima wa kuheshimiwa, aliniambia mbele ya watu kwamba mwanamume huvuna asali. Leo baadhi yao hunipigia simu usiku kuuliza vipimo. Napokea. Sitasema uongo: napokea nikitabasamu.

Kilichonikera ni hilo neno "fomula". Kuna kijana nilimkaribisha jikoni kwangu, nikamwonyesha hatua zote bila kumtoza chochote, nikampa na chupa za kuanzia. Baadaye nikasikia anafundisha semina za kulipia kwa karatasi zangu zilezile, hata maneno niliyoyapigia mstari kwa kalamu nyekundu yamebaki yamepigiwa mstari. Mimi nasema nimeshasamehe. Mke wangu haamini. Lakini nilichojifunza kwa kijana huyo ni kwamba vipimo mtu anaweza kuviiba kwa dakika moja na bado asijue kutengeneza dawa, kwa sababu kazi kubwa hufanyika kabla ya kipimo chochote.

Tuanze na gundi yenyewe. Nyuki hukusanya utomvu kwenye machipukizi na magome ya miti, huubeba kwenye miguu ya nyuma kama wabebavyo chavua, kisha mzingani huuchanganya na nta. Huzibia nyufa, hupunguzia mlango, na panya akiingia akafia ndani wakashindwa kumtoa, humfunika kwa gundi asiwaozee. Takriban nusu ya gundi ni utomvu, karibu theluthi ni nta, iliyobaki ni mafuta yenye harufu, chavua na vitu vingine vidogo vidogo. Sisi tunautaka utomvu. Maji hayauyeyushi isipokuwa kidogo sana, na moto kazi yake ya kwanza ni kuyeyusha nta. Kwa hiyo dada yetu alipochemsha, alitoa kile asichokihitaji na kukiacha alichokitafuta. Sufuria aiache ipoe, aifute kwa kitambaa chenye alkoholi mbali na moto, itatoka.

Sasa usafi. Hapa naomba unisikilize vizuri, maana hapa ndipo wengi wanaponikimbia wakitaka nifike kwenye chupa. Gundi iliyokwanguliwa kwenye mbao zilizopakwa rangi usiitumie kutengeneza dawa. Rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, na hakuna chujio la jikoni litakalokutolea risasi. Gundi ya sakafu ya mzinga, iliyojaa maiti za nyuki na mavumbi, usiiguse. Iliyoota ukungu, usiiguse. Njia safi kuliko zote ni wavu wa plastiki wenye matundu madogo, upana usiozidi milimita 4, unaotandazwa juu ya fremu chini ya mfuniko. Nyuki hawapendi upenyo mdogo kiasi hicho, hivyo huyaziba matundu yote wenyewe. Unautoa wavu, unauweka kwenye friza saa kadhaa, kisha unaukunja na kuukunjua juu ya karatasi safi. Gundi ikiwa baridi huwa kavu kama kioo, inadondoka yenyewe. Ikiwa na joto hunata kila mahali, na utajuta.

Kama unayo tu ile ya kukwangua kwenye fremu safi, igandishe, itwange haraka kabla haijalainika, kisha imwage kwenye maji baridi. Gundi huzama, nta, vipande vya miguu na mabawa huelea. Mwaga vinavyoelea, anika kilichobaki kivulini mpaka kikauke kabisa. Rudia ikibidi. Gundi safi, nasema tena, gundi safi.

Baada ya hapo mambo ni mepesi kuliko watu wanavyofikiri. Gramu 20 za unga wa gundi kwa mililita 100 za alkoholi ya asilimia 70, kwenye chupa ya kioo yenye kizibo. Alkoholi iwe ethanoli inayofaa kunyweka, si spiriti ya viwandani, si ya kusafishia vidonda, si ya kuwashia jiko. Methanoli, alkoholi ya sumu inayoweza kuwemo humo, hupofusha na kuua, na huwezi kuitambua kwa kunusa. Ukiwa na ya asilimia 96, ongeza takriban mililita 40 za maji yaliyochemshwa na kupozwa kwa kila mililita 100. Kwa nini 70? Kwa sababu kali zaidi huvuta nta nyingi zaidi, na hafifu sana huacha utomvu.

Weka gizani, tikisa kila siku, wiki 2 hadi 3. Chuja kwa kitambaa, kisha kwa karatasi ya kuchujia kahawa. Halafu, na hatua hii yule kijana huwa anairuka, laza chupa kwenye friji usiku kucha. Nta iliyojificha itajitenga kama wingu. Chuja tena ingali baridi. Utapata kimiminika angavu kinachopenyeza mwanga, chenye rangi ya kahawia au nyekundu. Dondosha tone moja kwenye glasi ya maji: maji yakigeuka kuwa kama maziwa, utomvu umo.

Marhamu ni kazi nyingine, na usijaribu kumimina dawa ya alkoholi kwenye mafuta, havichanganyiki. Chukua gramu 10 za unga kwa mililita 100 za mafuta ya mimea, pasha juu ya maji ya moto bila kuvuka nyuzi 60 kwa saa chache ukikoroga, chuja, ongeza gramu 20 za nta safi, pandisha joto kidogo tu mpaka nta iyeyuke, mimina kwenye vikopo vikavu. Tone la maji likiingia humo, ukungu utafuata.

Sasa nihubiri kidogo. Ndugu zangu, gundi ya nyuki haitibu kisukari, haitibu saratani, haimruhusu mtu kuacha dozi ya hospitali. Matone machache kwenye maji ya kusukutulia koo au vidonda vya mdomo, marhamu kwenye midomo iliyopasuka, basi. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amuulize daktari kwanza. Mjamzito, anayenyonyesha na mtoto mdogo, usiwape. Na kuna watu ngozi yao huikataa kabisa, wakiwemo wafugaji nyuki wenyewe, wanaovimba vidole kila wakigusa fremu. Mtu kuvumilia mwiba wa nyuki hakumaanishi atavumilia gundi. Ni mzio wa aina nyingine. Mwambie kila mteja apake tone moja ndani ya mkono na asubiri siku 2 au 3, maana upele wake huchelewa kujitokeza.

Wala usinakili sifa za chupa ya mtu mwingine. Gundi ya kijani ya Brazil hutoka kwenye kichaka kiitwacho Baccharis dracunculifolia. Ya Ulaya kwa kiasi kikubwa hutoka kwenye miti iitwayo mipopla. Yako imetoka kwenye miti ambayo nyuki wako wameipata, na miti hiyo ina vitu vyake. Andika kwenye lebo tarehe, kipimo cha gundi, kipimo cha alkoholi. Chema chajiuza. Wateja wangu walirudi wenyewe, na wale wa semina za watu wengine wamekuja baadaye wakiwa na chupa zenye mashapo.

Nimekaribia kusahau: makapi yaliyobaki kwenye kitambaa usiyatupe. Yaloweke mara ya pili kwa alkoholi kidogo, dawa itakayotoka itakuwa hafifu, si ya kuuza. Nusu yake natumia kusukutua mwenyewe, na nusu napaka kwa brashi ndani ya mizinga mipya iliyo tupu. Kundi linalotafuta makazi huvutwa na harufu hiyo kuliko ya mbao mpya.