Jibu: Kusasisha BIOS ukiwa na Debian, na stima yetu hii ya Lamu

Mwenzetu wa Langoni ameuliza: ana laptopu ya ThinkPad ya mitumba yenye Debian 12 (aina ya Linux), `fwupdmgr`, programu ya kusasisha fimwea (programu za ndani ya vifaa), inamwambia kuna toleo jipya la BIOS, yaani ile programu inayoamsha mashine kabla ya Linux, naye anaogopa stima isije ikakatika katikati akabaki na kipande cha plastiki. Tena anashangaa mbona apt, kisakinishi cha programu cha Debian, humletea vifurushi vya fimwea mara kwa mara na mashine haijawahi kufa.

Ndugu yangu, tuanze na hilo la mwisho, maana linaondoa nusu ya hofu. Vile vinavyoletwa na apt, `firmware-iwlwifi`, `intel-microcode` na jamaa zake, ni faili tu zilizokaa kwenye diski chini ya `/lib/firmware`. Kila ukiwasha mashine, kifaa husomeshwa upya, ukizima, kinasahau. Stima ikikatika hapo chipu haijaguswa. Likija toleo bovu, unarudisha kifurushi cha zamani, basi. (Ukihamia Debian 12 kutoka 11, hakikisha neno `non-free-firmware` limo kwenye `/etc/apt/sources.list`. Bila hilo hivi vifurushi havisasishwi, wala hutaambiwa kwa sauti.)

BIOS ni habari nyingine, yenyewe huandikwa ndani ya chipu. Lakini amri ya `fwupdmgr update` haiandiki BIOS. Inapakua faili iliyopandishwa LVFS (ghala la mtandaoni la fimwea kwa watu wa Linux) na mtengenezaji mwenyewe, inahakiki sahihi yake, inaiweka kwenye patisheni ya EFI (kipande cha diski ambacho BIOS hukisoma mashine ikiwaka), kisha inaomba uwashe upya. Kuandika kwenyewe hufanyika baada ya hapo, Linux haimo tena, BIOS inajiandika yenyewe. Kwa hiyo hatari yote iko kwenye zile dakika chache baada ya kuwasha upya. Kabla yake unaweza kukosea upendavyo.

Angalia haya kwanza:

`ls /sys/firmware/efi` — ikikuambia hakuna, Debian yako iliwekwa kwa mtindo wa zamani, si UEFI (mtindo mpya wa BIOS), na njia hii haitafanya kazi.

`df -h /boot/efi` — faili ya BIOS inaweza kufika MB 16 hadi 32. Patisheni ya MB 100 unayogawana na Windows hujaa upesi, na ikijaa kazi inakwama. Si hatari, ni kero.

`cat /sys/class/dmi/id/bios_version` — andika namba hiyo kwenye karatasi.

Kisha `sudo fwupdmgr refresh`, halafu `fwupdmgr get-updates`. Ikilalamika kwamba "UEFI capsule updates not available", kwenye ThinkPad mara nyingi dawa ni kuingia BIOS kwa F1, sehemu ya Security, UEFI BIOS Update Option, na kuwasha "Windows UEFI Firmware Update". Jina lisikutishe, Linux inapita mlango huohuo. Hapo karibu kuna "Secure RollBack Prevention". Ikiwa imewashwa, hutaweza kurudi toleo la nyuma, kwa hiyo amua sasa. Piga picha kurasa zote za BIOS kwa simu, maana masasisho mengine hurudisha mipangilio ya kiwandani.

Kama bando ni la kubana, pakua faili ya BIOS, ile inayoishia `.cab`, kutoka LVFS penye intaneti ya bure, ije kwa flashi, halafu `sudo fwupdmgr install jina.cab`. Sahihi inakaguliwa vilevile. Ikikataa, usiweke `--force`. Kukataa kwake kuna sababu, na sababu hiyo ndiyo uisome.

Sasa stima. Betri na chaja vyote viwili viwepo, si kimoja. Betri za mitumba husema uongo: inaonyesha asilimia 80, ukichomoa chaja inazima baada ya dakika tatu. Piga `upower -i /org/freedesktop/UPower/devices/battery_BAT0` usome mstari wa `capacity`. Hiyo ni afya ya betri, si chaji. Ikiwa chini ya 40, mimi huihesabu kama haipo. Kipimo cha kweli ni kuchomoa chaja na kuiacha mashine ifanye kazi nusu saa. Ikistahimili, endelea. Chaja nayo iwe ya wati zake. Ile ya simu ya USB-C huweza kuonyesha alama ya kuchaji huku betri inashuka.

Wenye sola, msitegemee inverta peke yake kwa kompyuta ya mezani. Stima inapokatika na inverta kushika, kuna kupepesa kidogo, taa huoni lakini kompyuta inaona. Hapo weka UPS, na uijaribu kwanza kwa kuichomoa ukutani. Saa nzuri ni asubuhi. Baina ya Magharibi na Isha, kila nyumba imewasha taa na feni, sitagusa BIOS ya mtu.

Chomoa dock (kituo cha kuchomekea vifaa), flashi na kila cha USB. Kama diski imefungwa kwa LUKS (kufuli la diski la Linux) na ulizoea ijifungue yenyewe kwa TPM (chipu ya kutunza funguo), hakikisha unakumbuka pasiwadi. BIOS ikibadilika, vipimo vya TPM huweza kubadilika, na itakuuliza. Mwenye Windows pembeni awe na namba ya kufungulia BitLocker (kufuli la diski la Windows) mkononi.

Washa upya. Kioo kitakuwa cheusi, feni itavuma kama mashua ya injini, mashine itajiwasha na kujizima mara mbili tatu. Hii ndiyo nafasi watu wanapoiua wenyewe: wanaona giza dakika nne, wanabana kitufe. Ipe nusu saa nzima kabla ya kudhani lolote.

Ikirudi, `fwupdmgr get-history` itakuambia kama imefaulu. Ikirudi lakini inasema hakuna diski ya kuwashia, usilie. BIOS imefuta orodha yake tu, Debian ipo. Washa kwa flashi ya Debian, kisha:

`sudo efibootmgr -c -d /dev/nvme0n1 -p 1 -L debian -l '\EFI\debian\shimx64.efi'`

Badilisha diski na namba ya patisheni kulingana na `lsblk`.

Isiporudi kabisa: toa chaja, toa betri kama inatoka, bana kitufe cha kuwashia sekunde 60, ujaribu tena. HP nyingi zina uokoaji wa Windows+B, na Dell Ctrl+Esc huku ukichomeka chaja. Vyote vikishindwa, ni kazi ya CH341A (kifaa cha USB cha kusoma na kuandika chipu) na klipu ya miguu minane ya kubana chipu ya BIOS. Soma jina la chipu kwa lenzi kwanza: Winbond yenye herufi FV au JV baada ya namba ni volti 3.3, FW au JW ni 1.8 na inahitaji adapta yake, la sivyo utaiunguza. Huku kwetu miguu ya chipu huwa na kutu ya chumvi, hasa mashine iliyokaa dirisha la baharini. Isugue kwa mswaki na spiriti, iache ikauke, kisha isome mara mbili, `sudo flashrom -p ch341a_spi -r a.bin`, na tena `b.bin`, ulinganishe kwa `sha256sum`. Zikitofautiana, klipu haijashika, usiandike chochote. Na BIOS uliyookota kwa laptopu ya mtu mwingine usiiandike nzima: ndani mna namba za mashine ile, si za yako.