Pumzi huwahi, mifupa huchelewa

Siku ya kwanza nilikimbia kutoka Coco Beach kwenda Daraja la Tanzanite, jijini Dar, na kabla sijafika katikati ya daraja nilikuwa nimeinama, mikono magotini, natweta. Wiki ya sita nilikuwa navuka na kurudi huku napiga soga na mwenzangu. Mapigo ya moyo, ambayo huwa nayahesabu kila nikiamka kwa vidole viwili shingoni, yalikuwa yameshuka kutoka 78 hadi 66. Nikaona sasa niko fiti. Kutoka kilomita 4 kwa siku nikaruka hadi 9.

Siku ya nne nashuka kitandani, ugoko wa kushoto ukanichoma kama umeguswa na kaa la moto. Nikafunga raba, nikaenda hivyo hivyo. Siku tatu za ubishi zilinigharimu wiki saba za kukaa.

Nilikuwa sijui kwamba mwili haukomai wote kwa pamoja. Damu ndiyo hutangulia: ndani ya wiki moja au mbili majimaji yake huongezeka, moyo unasukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, kwa hiyo ukitulia hauna haja ya kupiga mbio. Jasho nalo huzoea. Baada ya siku 10 hadi 14 za mazoezi kwenye joto la Dar linaanza kutoka mapema, na chumvi yake inapungua. Misuli hufuata kwa wiki kadhaa, ikiongeza mitokondria, vile vijinu vya ndani ya seli vinavyotumia oksijeni kugeuza chakula kuwa nguvu.

Kano, zile kamba zinazounganisha misuli na mifupa, pamoja na mifupa yenyewe havina haraka hiyo. Kano hupata damu kidogo, hivyo huimarika kwa miezi. Mfupa ndio ulionishangaza zaidi: kwanza seli zake hubomoa sehemu iliyochakaa, kisha nyingine hujenga upya, na kazi hiyo huchukua miezi mitatu, minne, pengine zaidi. Yaani kuna kipindi pumzi inakuruhusu kwenda mbali na mfupa uko katikati ya ukarabati. Mimi nilikuwa hapo hapo.

Jifunze basi kutofautisha maumivu. Mapaja yote mawili yakiuma siku ya pili na kulegea ukitembea, hiyo ni kawaida ya misuli migeni kwa kazi. (Si asidi ya laktiki inayotoka kwenye misuli, kama wengi wanavyosema, hiyo huisha mwilini ndani ya saa moja hivi.) Lakini mguu mmoja ukiuma, mahali unapoweza kupagusa kwa kidole kimoja, na ukikimbia panazidi, simama siku hiyo hiyo. Pakiuma hata umekaa, nenda hospitali.

Siku hizi nakimbia siku moja, napumzika moja, na umbali naongeza kidogo kila wiki ya tatu, hata nikijisikia mwepesi. Jioni nasimama ukingoni mwa ngazi, nashusha visigino taratibu mara 15. Ugoko nimeubonyeza leo asubuhi kwa kidole gumba, juu hadi chini. Kimya.