Kabla hujapanda, niambie utalala wapi

Jamaa yangu mmoja amenunua ekari tatu huku kwetu Lamu bara na wiki iliyopita akanipigia simu kuniuliza apande nini. Nikamwambia kabla hujaniuliza utapanda nini niambie kwanza utalala wapi. Akacheka, akadhani namtania. Ndio nikaamua niandike, manake naona watu wengi wanarudi mashambani saa hii na wengi wao miaka ile hawakuwa huku.

Huku hakuna mtu aliyetutangazia vita. Jeshi letu liliingia Somalia Oktoba 2011 kupigana na Al-Shabaab, sisi tukaskia kwa redio kama watu wengine, tukaendelea kupalilia. Alafu usiku wa tarehe 15 Juni 2014, Jumapili, wengine wako mbele ya tivii wanaangalia Kombe la Dunia, mji wetu wa Mpeketoni ukavamiwa, Al-Shabaab wakasema ni wao, na ukihesabu usiku huo na uliofuata waliouawa walipita 60. Wiki tatu hazijaisha ikawa zamu ya Hindi, mji mdogo wa hukuhuku Lamu. Julai hiyohiyo ikawekwa kafyu, saa kumi na mbili na nusu jioni mpaka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na kutoka hapo imekuwa ni kitu cha kuja na kuondoka, ikarudi 2017 baada ya kijiji cha Pandanguo kuvamiwa, ikarudi tena Januari 2022.

Sasa mtu wa mjini akiskia kafyu anafikiria duka litafungwa mapema na hakuna kwenda kuangalia mpira. Mkulima wa huku akiskia kafyu anafikiria nguruwe.

Nieleze vizuri. Shamba la mahindi pembeni ya msitu unalima mchana lakini unalivuna usiku, yaani kama hukulala kwenye dungu na tochi yako na debe la kupiga, basi umewalimia nguruwe, na ukiwa na bahati mbaya zaidi nyati, na walio karibu na Ziwa Kenyatta wana viboko. Mchana kuna nyani lakini hao watoto wanawamudu kwa kombeo na kelele. Usiku ni wa mtu mzima. Mwaka ule wa kwanza wa kafyu nilikuwa na ekari mbili za mahindi, yamebeba vizuri, nikayapoteza kwa siku tisa. Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa nawaskia. Niko ndani, mlango nimefunga, taa nimezima, na naskia mabua yanavunjika kah, kah, kah, na siwezi kutoka manake nikitoka kuna askari anayeweza kudhani mimi ni wao, na kuna wao wanaoweza kudhani mimi ni askari. Mke wangu akanishika mkono akaniambia, baba, hayo yameshaenda, lala.

Basi ushauri wangu wa kwanza ndio huo, ukiwa sehemu ambayo kafyu inaweza kuja wakati wowote, panga shamba lako kwa saa. Hesabu ni saa ngapi kwa siku unaruhusiwa kuwa shambani, toa saa za kwenda na kurudi, alafu ndio ujue unaweza kulima nini. Mimi nilikuwa natembea dakika hamsini kwenda na hamsini kurudi, na kwa sababu hutaki jioni ikukute njiani unaweka jembe chini saa kumi. Ekari nne haziwezekani hivo. Nikapunguza mpaka mbili na nusu na sikujuta.

Mahindi usiache kabisa, mtu hali pesa, ila yalete karibu na nyumba, hata robo ekari, pale ambapo ukipiga debe dirishani nguruwe anaskia. Na tafuta mbegu inayokomaa haraka, huku pwani wengi tunatumia zile PH, yaani Pwani Hybrid. Kila wiki unayopunguza ni usiku saba hujalinda.

Shamba la mbali weka ufuta. Mnyama hana haja sana na ufuta, unakua peke yake, bei si mbaya. Lakini ufuta una tabia moja, haungoji. Ukishakauka vile vifuko vinapasuka na mbegu inamwagika yenyewe. Mimi 2015 nilikuwa nimeshakata, nimefunga matita, nimeyasimamisha yakauke, ikabaki siku nne tano nitandike turubai nipige. Jioni ikaja habari kwamba kuna watu wameonekana upande wa msitu. Kijiji kizima tukahamia kwenye uwanja wa shule, kina mama na watoto ndani ya madarasa, wanaume nje, tukakaa siku kumi na moja. Niliporudi chini kulikuwa kweupe kama mtu amemwaga mchele, na sisimizi wanabeba wamepanga foleni. Nilipata debe moja na nusu. Sasa hivi sipandi ufuta wote siku moja, naacha wiki mbili katikati, na nikishakata tu naulaza juu ya turubai hapohapo, upasuke usipasuke mbegu inabaki kwangu, na siku ya kukimbia naweza kukunja ncha nne nikafunga kama furushi. Turubai ni gharama ndio, nunua lile la mtumba.

Muhogo ndio benki. Uko ardhini, hauibiwi kirahisi, hauchomwi, ukirudi baada ya miezi mitatu bado upo. Nguruwe anaufukua, siwezi kusema uongo, lakini mchungu anauacha mpaka amalize mwingine wote, kwa hiyo pembeni zunguka na mchungu, katikati weka mtamu, na watoto waambie wasile mbichi ule wa pembeni. Kama una subira panda pia mrangi, ile bixa ya mbegu za kutoa rangi, miti ikishashika hakuna mnyama anaigusa, shida yake wanunuzi wanakuja wanapotaka wao.

Maembe ni hadithi nyingine. Mwembe wa ngowe unaweza kukutajirisha mwaka wa amani na mwaka wa vita ukakufanya ulie. Barabara yetu ya Witu mpaka Garsen kwa miaka mingi magari yalikuwa yanakwenda kwa msafara, polisi mbele polisi nyuma, kwa hiyo lori linangoja, likingoja linangoja kwenye jua, na kama kuna bomu limetegwa mahali siku hiyo hakuna anayekwenda popote. Tenga la embe halijui mambo hayo. Nilijifunza kuuza embe bichi gumu kabisa, hata kwa bei ya chini, kuliko kungoja ipige rangi. Na zile zinazobaki kata vipande, tia chumvi, anika, mke wangu anauza achari na ile achari imetulipia karo muhula mzima, mimi naona haya kusema lakini ndio ukweli.

Usisahau mambo ya nyumbani yanayoletwa na saa hizohizo. Dada yangu alishikwa na uchungu saa nne usiku wakati wa kafyu. Bodaboda hakuna, mwenye gari hataki, simu ya kituo cha afya inalia haipokelewi. Alizalishwa na mkunga wa kijijini, bibi wa miaka sabini na kitu, kwa mwanga wa simu tatu, Mungu akasaidia. Kwa hiyo kama nyumbani kuna mjamzito, mimba ikifika mwezi wa nane mtoe mpeleke kwa ndugu aliye karibu na hospitali, Mokowe, kisiwani, Malindi, popote ulipo na mtu. Usingoje tarehe waliyoandika kwenye kadi. Mwenye sukari au presha vilevile, dawa za mwezi mzima ziwe ndani. Na pesa taslimu kidogo, manake mlingoti wa simu ukilipuliwa, na huku imetokea, M-Pesa yako inakuwa ni picha tu, una elfu kumi na huwezi kununua kibiriti.

Karatasi. Hapa nitakaa kidogo. Nyanya yangu mzaa mama alikuwa Mbajuni na watu wake walikuwa wanalima huko juu kuelekea Kiunga. Wakati wa vita vya Shifta, vile vya Wasomali waliotaka kujitenga na Kenya, 1963 mpaka 1967, vijiji vile vya bara, Rubu, Mvundeni, Ashuwei, vilihamwa, watu wakapanda majahazi na mashua wakaenda visiwani, wengine Malindi, wengine Mombasa. Walidhani ni msimu mmoja. Nyanya alikufa bado anahesabu minazi yake kwa vidole, arobaini na mmoja, mmoja mmoja na mahali uliposimama, lakini hakuna ofisi duniani utakayoingia ukasema nyanya alihesabu kwa vidole. Mimi kwa sababu hiyo, kitambulisho, barua ya shamba, cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto, nimetoa kopi tatu. Moja iko kwa shemeji Mombasa, moja kwenye mfuko wa plastiki ndani ya begi lililo karibu na mlango, moja siisemi. Picha kwa simu pia lakini simu inapotea. Na kwenye mpaka wa shamba nimepanda miti ya kudumu, miembe na mikorosho, na nikampigia picha mzee wa kijiji amesimama chini yake pamoja na majirani wa pande zote. Mzee akaniuliza hizi picha za nini, nikamwambia za harusi.

Kuhusu habari za WhatsApp. Utapata voisi inasema wameingia mahali fulani, mtu analia, ukasikiliza ukakimbia na watoto usiku kumbe voisi ni ya mwaka juzi. Siku nyingine utapuuza na ndio kweli. Mimi nina watu watatu, kila upande wa kijiji mmoja, ambao wako pale na macho yao, na hatusambaziani voisi, tunapigiana. Akisema toka natoka, sina maswali. Akisema ngoja nangoja, viatu miguuni.

Mmoja wa hao watatu ni mzee Mkikuyu, familia yake ilikuja na skimu ya makazi miaka ya sabini. Baada ya 2014 kulikuwa na wakati mimi na yeye hatukusalimiana kama miezi miwili, si kwa ugomvi, kila mmoja alikuwa anamwogopa mwenzake na anaona haya kuogopa. Wale waliovamia walikuwa wanachagua kwa dini nani auawe na nani aachwe, na hiyo sumu ilibaki baada yao. Kilichotutoa ni nyani. Walivamia kwake mchana, yuko peke yake, nikaskia anapiga kelele nikaenda na watoto wangu tukawafukuza, alafu tukakaa chini ya mti tumechoka akaleta chai kwa thamosi. Hatukuongea mambo ya vita hata neno moja. Kesho yake akaja kunisaidia kupalilia, na mpaka leo ukifika wakati wa palizi tunakopeshana mikono, Jumanne kwangu Alhamisi kwake. Kwa hiyo wewe mgeni, kabla hujatafuta mbegu tafuta jirani, na usichague tu anayemwomba Mungu kama wewe.

Jamaa yangu alinipigia tena jana. Amepata nyumba ya kupanga kijijini, dakika kumi na tano kutoka shamba. Nikamwambia sawa, sasa njoo tuongee mbegu, na uje na turubai.